Mukeke wa Nguo: Namna ya Kushona Mto Wenye Sura ya Chakula

Mto wa kulalia, kwa desturi, ni kitu cha pembe nne kilichofichwa ndani ya foronya, nacho hakidai sifa yoyote zaidi ya kuwa laini na safi. Lakini katika zama zetu imeenea duniani tabia ya kushona mito yenye sura ya vyakula: kipande cha tikiti, mkate uliopasuliwa katikati, andazi lililopakwa sukari, hata yai la kukaanga lenye kiini cha njano, na mito hiyo huwekwa juu ya makochi na vitanda ili ifurahishe macho ya wenyeji na wageni, na zaidi ya wote macho ya watoto. Ni kazi ndogo, walakini si kazi duni, maana ndani yake mna elimu yote ya msingi ya ushoni. Tena mna jambo jingine, nalo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya: ya kwamba mtu hawezi kushona sura ya kitu asichokitazama, na kwamba sisi tukaao kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka Bujumbura kushuka Rumonge hadi Nyanza-Lac, tunavyo vyakula vyenye maumbo na rangi zinazoistahili sindano, ambavyo tumevila aushi yetu yote bila ya kuvitazama sawasawa.

Fikira ya kukigeuza chakula kuwa kitu cha nguo si ya jana. Mwaka 1962, msanii wa Marekani aitwaye Claes Oldenburg alionyesha katika jumba la Green Gallery, mjini New York, vyakula vikubwa mno vya turubai vilivyojazwa sponji na maboksi, kikiwemo kipande cha keki, na mkate wa nyama ambao upana wake ulipita mita mbili; na mkate huo sasa ni mali ya jumba la sanaa la Ontario, katika mji wa Toronto nchini Kanada. Aghalabu watu wanapoisimulia habari hiyo humtaja msanii peke yake, ilhali sindano ilikuwa mkononi mwa Patty Mucha, mkewe wa wakati ule, ambaye ndiye aliyeshona. Kwa insafu, basi, yafaa kila asifuye mto wenye sura ya chakula akumbuke kuuliza ni mkono wa nani ulioushona, kwa sababu wazo hubaki hewani mpaka uzi uje kulifunga.

Nasi Waswahili tulikuwa tumekwisha kuviweka vyakula katika nguo kabla ya hapo. Kanga za pwani, zilizoanza kuenea mwishoni mwa karne ya 19, zimelifanya pambo la korosho kuwa jambo la kawaida hata mvaaji hasimami tena kulishangaa, na zipo pia kanga zenye mananasi. Hilo lilikuwa pambo la juu ya nguo iliyo bapa. Mto huongeza hatua moja: huichukua ile sura na kuipa mwili, unene na uzito, ikawa kitu cha kukumbatiwa.

Katika kuchagua sura ya kushona, mkazi wa Rumonge hana haja ya kwenda mbali. Mji huu wa bandari na soko, ulioko kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura kwa barabara ipitayo ufukoni, ni miongoni mwa mahali pa Burundi ambapo Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni, na vitu viwili vimeupa sifa katika nchi nzima, yaani samaki na mawese. Ziwa lililo mbele yake lina kina cha mita 1,470, nalo ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Limegawanywa baina ya Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, na fungu la Burundi ni kama asilimia 8 tu ya eneo lake, lakini asilimia hizo 8 zimezilisha nyumba nyingi sana. Katika usiku wa giza wavuvi hutoka na taa, kwani nuru huwavuta ndagala kupanda juu, na mukeke, ambaye ndagala hao ni riziki yake, huwafuata akaingia pamoja nao wavuni. Na mwezi unapokuwa mpevu, nuru ya taa hupungukiwa na nguvu, wavuvi wakapumzika na kutengeneza nyavu zao. Nimelitaja hilo la nyavu kwa kusudi, maana wako wadhanio kwamba kushika uzi ni kazi ya wanawake pekee, na hali ufuko mzima huu waishi kwa mikono ya wanaume wanaojua kuunga nyuzi zilizokatika, na katika baraza za mafundi cherehani hukaa wanaume na wanawake kadhalika.

Basi na tumchukue mukeke, ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka. Mnunue mmoja aliyetoka ziwani asubuhi, umlaze juu ya jani la mgomba, umtazame kabla ya kisu kumgusa. Mwili wake ni mrefu na mwembamba, hauna ule unene wa sangala. Ubavu wake unang'aa rangi ya fedha, mgongo umeingia giza kidogo, na tumbo ni jeupe. Taya lake la chini limelitangulia la juu, jambo linalompa uso wa mtu aliyeazimia neno. Nyuma ya jicho kuna kifuniko cha matamvua, ambacho ukingo wake ni upinde ulio wazi; toka hapo mstari mwembamba huandama ubavu mpaka mkiani. Mgongoni ana mapezi mawili yaliyokaribia kuachana kabisa, la mbele likiwa na miiba migumu na la nyuma likiwa laini. Haya ndiyo mambo yatakayomfanya mtazamaji aseme kwamba huyu ni mukeke, badala ya kusema tu kwamba huyu ni samaki. Na mshonaji ayaandike kwa kalamu juu ya karatasi, kwa sababu samaki atapikwa adhuhuri na macho ni mepesi wa kusahau.

Baada ya macho huja nguo. Ufuko huu umejuana na nguo muda mrefu: misafara ya karne ya 19, iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji, ilibeba marekani, ile nguo nzito isiyochovywa rangi, na kaniki nyeusi, na vitambaa hivyo vilikuwa ndiyo fedha ya njiani, iliyonunua chakula na pembe za ndovu, na kwa msiba mkubwa ikanunua hata wanadamu. Karne iliyofuata pamba ililimwa papa hapa, katika bonde la Imbo, chini ya usimamizi wa kampuni ya COGERCO, na kiwanda cha COTEBU cha Bujumbura kikaifuma. Kwa mukeke wetu, kaniki yafaa kwa mgongo, bafta yafaa kwa tumbo, na kwa ubavu hapana kifaacho kuliko satini ya kijivu au kile kitambaa cha kung'aa ambacho mafundi hukitumia kwa bitana ya koti. Anayeanza kujifunza aweza kuacha mchanganyiko huo akatumia kitenge kimoja tu kisichovutika, maana nguo inayovutika humpotosha mwanafunzi: huikata kwa umbo moja, akaishona, akaikuta imekwenda kwa umbo jingine. Vipande vidogo vya mapezi si lazima vinunuliwe, kwani huanguka kila siku chini ya cherehani za mafundi, na mtoto akitumwa kwa adabu, aseme, "Fundi, mama anaomba vipande," aghalabu hujibiwa, "Okota, mwanangu, ila chagua vile vilivyo vigumu kidogo."

Sasa twafika kwenye kiolezo cha karatasi, na hapa ndipo pana siri ambayo wengi huigundua wakati nguo imekwisha kukatwa. Umbo lililo bapa likijazwa hupungua upana. Tuseme umechora mukeke mwenye upana wa sentimita 24 penye tumbo: vipande viwili vya sentimita 24 hufanya mzingo wa sentimita 48, na duara lenye mzingo wa 48 lina kipenyo cha sentimita 15 tu na kitu kidogo. Maana yake ni kwamba mto ukijazwa mpaka ukaviringana, zaidi ya thuluthi moja ya upana wake huenda ikamezwa na unene. Kwa hiyo mukeke wa karatasi hana budi kuwa mnene kuliko mukeke wa ziwani, hata akichukiza macho kwa ubonge wake, ili akishajazwa apate ule wembamba uliokusudiwa. Penye mkia hali ni nyingine, kwa sababu huko tutajaza kidogo sana, na mkia utabaki karibu na upana uliochorwa. Vipimo vinavyofaa kwa mto wa kochi ni urefu wa sentimita 75 pamoja na mkia, na upana wa 24 tumboni. Kisha ongeza sentimita 1 na nusu kuzunguka umbo lote kwa ajili ya mshono. Kunja karatasi mara mbili unapokata, ili ubavu wa kuume na wa kushoto ulingane, na kitambaa nacho ukikate hali kimekunjwa, upande mzuri ndani.

Kazi ya kushona ina taratibu yake, na mwenye pupa huilipia. Kwanza unganisha mgongo, ubavu na tumbo la kila upande, ukapige pasi maungio yalale. Pili, pamba kila upande ungali bapa, maana baada ya kujaza mkono hautaingia tena kwa nyuma: darizi ukingo wa matamvua kwa uzi mweusi, darizi mstari wa ubavu kwa uzi wa kijivu, na darizi jicho kwa nyuzi za dhahabu zenye mboni nyeusi katikati. Tatu, shona mapezi kando, kila pezi kwa vipande viwili. Yapindue, kisha upitishe juu yake mistari ya mshono iliyokaribiana, na pezi la mbele likazwe mistari mingi zaidi ili lisimame kwa ugumu wa miiba. Nne, zilaze pande mbili za samaki uso kwa uso, na mapezi yawekwe katikati yake, ncha zikielekea ndani ya mwili, jambo ambalo mwanafunzi huliona kinyume cha akili mpaka siku atakapoupindua mto akayakuta yamesimama nje mahali pake. Tano, kaza kwa pini, kisha piga bandi kuzunguka kote, maana bandi ni mshono wa muda usioghali, na nguo mbili zilizopigwa bandi hazikimbiani chini ya sindano.

Mshono wa kudumu uanzie tumboni, pale palipo na mstari ulionyooka, uzunguke kichwa, mgongo na mkia, urudi tumboni, ukiacha nafasi ya sentimita 12 isiyoshonwa. Mwenye cherehani, iwe Singer ya zamani au Butterfly ya Shanghai, apunguze mwendo kila afikapo kwenye pindo la mwili, ainue mguu wa cherehani huku sindano ingali ndani ya nguo, aigeuze nguo kidogo, kisha aendelee. Asiye na cherehani asivunjike moyo: Isaac Singer alipata hati ya cherehani yake mwaka 1851, na kabla ya zama hizo majoho ya wafalme na matanga ya majahazi yalishonwa kwa mkono. Avae subana kidoleni, atumie uzi uliokunjwa mara mbili, na kila hatua ya sindano irudi nyuma nusu ya njia kabla ya kwenda mbele, ili mshono usiachie siku mtoto atakapomvuta samaki kwa mkia.

Kabla ya kupindua, chukua mkasi wenye ncha kali na uyashughulikie mapindo. Panapo uvimbe wa nje, kama tumboni, kata pembe ndogo ndogo katika ukingo, kwa sababu ukingo huo ni mrefu kuliko mstari wa mshono, nao ukiingizwa ndani hukosa nafasi ukajikunja na kuleta mabonde usoni. Panapo bonde la ndani, kama pale mwili unapokutana na mkia, au chini ya lile taya lililotangulia, hali hugeuka, kwani hapo ukingo ni mfupi na unataka kutanuka, basi kata mikato iliyonyooka ipate kufunguka. Kila mkato usimame milimita 3 kabla ya kufika kwenye uzi. Hili ndilo jambo linalotenga mto ulioshonwa na stadi na mto uliokunjamana, na latimizwa kwa robo saa ya uvumilivu.

Kwa kujaza, watu wa pwani ya Tanzania na Unguja wamerithi sufi, tunda la msufi, ambayo ni nyepesi mno na haipendi kunywa maji, na kwa sababu hiyo ilipata kutumiwa hata katika majaketi ya kuokolea watu baharini. Ina aibu moja, nayo ni wepesi wake wa kushika moto, kwa hiyo isikaribishwe kwenye kandili wala figa. Asiyeipata atumie pamba, au mabaki ya sponji ya magodoro yaliyokatwakatwa, au nguo kuukuu zilizofuliwa, zikaanikwa mpaka zikakauka kabisa, kisha zikachanwa nyembamba. Maana unyevu wa ziwa ukifungiwa ndani ya mto huzaa ukungu na harufu. Anza na pembe za mbali, mkia kidogo na kichwa kwa kutosha, ukitumia kijiti butu, na utie mafungu madogo madogo, kwani fungu kubwa likiingia kwa mara moja hubaki donge daima dawamu. Mwisho ziba tundu kwa mshono wa siri: sindano ipite ndani ya kunjo la upande mmoja, ivuke, ipite ndani ya kunjo la upande wa pili, na baada ya hatua kadhaa uvutwe uzi taratibu mpaka midomo miwili ifumbane na uzi usionekane. Anayetaka kufua mara kwa mara atie zipu pale tumboni, na vijazio avitie katika mfuko wa ndani wa marekani.

Hadhari mbili ni wajibu nizitaje. Ya kwanza ni juu ya jicho: vifungo na shanga hupendeza, lakini mtoto mdogo hung'oa na kumeza, akapaliwa; ndiyo maana nimeshauri jicho la kudarizi. Ya pili ni nzito zaidi: mtoto mchanga, ambaye hajatimiza mwaka mmoja, asilazwe na mto wowote wala kitu laini kilichojazwa, hata kiwe kizuri namna gani, kwa sababu aweza kufunikwa pua akakosa pumzi. Mukeke wa nguo ni wa mtoto aliyekwisha kutembea na kusema, na wa wakubwa wake.

Aliyemaliza mukeke hatapungukiwa na vya kushona. Ipo chikichi, tunda la mchikichi, mti ambao umeifunika miteremko ya Rumonge na kuupa mji mawese yake: punje yake ni nyekundu ya kuelekea machungwa upande wa chini, na nyeusi upande wa ncha, nayo hushonwa kwa vipande sita vyenye umbo la jani, kila kimoja kikiwa cha rangi mbili, vikaunganishwa vikafanya yai. Mshonaji mwenye bidii aweza kuacha upenyo kwa zipu na kutia ndani yake kokwa ndogo ya kaniki, ili watoto wajue kwamba tunda hilo moja lina mafuta mawili, mawese ya nyama ya nje na mafuta ya mise yaliyo ndani ya kokwa. Wapo pia ndagala, ambao kwa udogo wao hufaa kwa mafunzo ya kwanza ya mkono wa mtoto: kila mmoja ni kipande cha satini kisichozidi kidole, na wakishonwa kadhaa wakatungwa katika uzi huwa pambo la dirisha.

Faida ya kazi hii, basi, ina pande mbili. Upande mmoja ni taadhima kwa chakula: mtoto aliyesaidia kudarizi matamvua ya mukeke hamtazami tena samaki sahanini kwa macho yaleyale, naye hujua kuuliza alivuliwaje, alikula nini, na kwa nini mwezi mpevu humpunguza sokoni. Upande wa pili ni maarifa yasiyoishia kwenye mto. Mkono uliozungusha mshono katika tumbo la mukeke umekwisha kujifunza kwapa la gauni na shingo ya kanzu, maana pindo ni lile lile na mikato ya mkasi ni ile ile. Na aliyeweza kusimamisha pezi anaweza kusimamisha ukosi wa shati. Kwa hiyo mzazi atakaye mwanawe apate ufundi wa kumsaidia maishani, na aone kuwa kumkabidhi nguo nzima ni mapema, amkabidhi samaki huyu kwanza, akae naye, asimpokonye sindano anapokawia, na mto ukiisha auweke kwenye kochi la sebuleni, mahali wageni watakapouliza nani ameshona, mtoto mwenyewe akajibu.